Tusimuulize Mama Alikosea Wapi

Mwaka juzi, mwezi wa Novemba, nilikuwa jikoni kwa mama yangu mdogo nikipanga vikombe vya chai kwenye sinia. Nyumba ilikuwa imejaa watu wa msiba. Mtoto wake wa kiume, mwenye wiki 11, alinyonya saa nne za usiku akalala, na alfajiri alipoguswa alikuwa ameshapoa. Nyuma yangu, karibu na friji, kina mama watatu walikuwa wakinong'ona. Wa kwanza akasema, "Huenda alimlalia." Wa pili akasema, "Siku ya arobaini watu walimsifu mno yule mtoto. Lile ni jicho." Wa tatu akawanyamazisha: "Acheni maneno, nyie. Ni kadari ya Mungu, basi."

Nilibeba sinia nikatoka. Mama mdogo alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, ameegemea upande wa pili wa ukuta uleule. Nina hakika alisikia.

Ndugu wasomaji, naandika makala haya kwa sababu nimechoka na swali moja: "alikosea wapi?" Nimelisikia jikoni, nimelisikia kwenye simu za jamaa wa Unguja, na baadaye nilipoanza kusoma habari za vifo hivi nikalikuta hata mahakamani. Mimi nasoma baiolojia ya tiba, mwaka wa tatu sasa, na maoni yangu ni kwamba swali hilo ni baya kisayansi na ni baya kiutu. Lakini nasema pia kwamba lile jibu la "ni kadari, basi" halitoshi, kwa sababu linatufunga midomo pale ambapo tungepaswa kusema. Mimi mwenyewe nilifunga mdomo. Nitafika huko.

Kifo kisicho na jina

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kifo cha ghafla cha mtoto mchanga ni kifo cha mtoto wa chini ya mwaka mmoja, ambaye alionekana mzima, akafa kwa kawaida akiwa usingizini, na hata baada ya uchunguzi wa maiti, kuangalia mahali alipolala na kuuliza historia yake, sababu haikupatikana. Kwa maneno mengine, ni jina la kile kinachobaki baada ya kuondoa kila kinachojulikana. Hapa Uingereza na Wales vifo visivyoelezeka vya watoto wachanga vimekuwa karibu 200 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Kiasi cha tisa katika kila kumi hutokea kabla ya miezi sita, na vingi zaidi kati ya mwezi wa pili na wa nne. Wavulana wamo zaidi kuliko wasichana. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo wamo zaidi pia.

Bibi yangu aliniambia kwamba zamani kwao hakusikia ugonjwa huu. Mimi nadhani ulikuwepo. Ila pale ambapo mtoto anaoshwa, anasaliwa na kuzikwa siku ileile, na hakuna daktari aliyemfungua, kifo kama hiki kinaingia katika kapu moja na homa, degedege na jicho. Kukosa jina si kukosa kuwepo.

Mafiga matatu

Mwaka 1994 watafiti wawili wa Marekani, Filiano na Kinney, walitoa maelezo ambayo mpaka leo ndiyo wengi wanayaanzia. Wao walisema kifo hiki hutokea pale mambo matatu yanapokutana kwa wakati mmoja. Darasani mwalimu alituchorea duara tatu zinazoingiliana. Mimi nikaona mafiga. Chungu hakikai juu ya figa moja, wala mawili. Ukiondoa moja tu, chungu kinaanguka.

Figa la kwanza ni umri. Katika miezi ya mwanzo mwili wa mtoto unabadilika haraka: namna anavyopumua, moyo unavyopiga, anavyotunza joto, anavyozinduka usingizini. Kinga aliyopewa na mama yake tumboni inapungua, na yake mwenyewe haijakomaa. Hili figa halina wa kulaumiwa. Kila mtoto lazima apite hapo.

Figa la pili ni udhaifu uliojificha ndani ya mtoto mwenyewe. Kinney na wenzake walichunguza shina la ubongo, sehemu inayoongoza pumzi na mapigo ya moyo, na kwa watoto wengi waliokufa hivi walikuta kasoro katika mfumo wa serotonini. Serotonini ni kemikali inayosaidia, pamoja na kazi nyingine, kumshtua mtoto azinduke pale hewa inapopungua. Mtoto mwenye kasoro hiyo kwa macho ni kama wenzake. Anacheka, ananyonya, anaongeza uzito. Kliniki hakuna anayeona kitu.

Hapo ndipo jeni zinapoingia. Wengine wamerithi jeni zinazobadilisha umeme wa moyo, na moyo unaweza kwenda kombo bila onyo. Wengine wamerithi tofauti ndogo katika jeni zinazoongoza uvimbe wa ndani. Ninaposema uvimbe sina maana ya jipu tu. Kidudu kikiingia mwilini, kinga inawasha moto wake: damu inakusanyika, joto linapanda, na chembe zinapelekeana habari kwa kemikali. Baadhi ya kemikali hizo kazi yake ni kuuchochea moto. Nyingine, kama ile inayoitwa intaleukini-10, kazi yake ni kuuzima ukishamaliza kazi. Watafiti mbalimbali wameuliza kama watoto waliokufa ghafla walikuwa na jeni za kuchochea sana au kuzima taratibu. Majibu hayajafanana nchi zote, wala hakuna jeni moja ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole akasema ndiyo hii. Lakini watafiti wa Norwei walipima maji ya uti wa mgongo ya watoto hao, wakakuta baadhi yao walikuwa na kiwango kikubwa cha kemikali za kuchochea, ingawa ugonjwa wao ulionekana mdogo tu, mafua ya kawaida.

Figa la tatu ni la nje: kulala kifudifudi, moshi wa sigara, joto kupita kiasi, godoro laini linalozama, blanketi lililofunika uso, na hayo mafua yenyewe.

Sasa angalieni jinsi mafiga yanavyoegemeana. Tafiti za Skandinavia na za Tasmania, kule Australia, ziliuliza kama kuumwa siku chache kabla kunaongeza hatari. Jibu lilitegemea mtoto amelazwaje. Kwa waliolala kifudifudi, ugonjwa mdogo uliongeza hatari. Kwa waliolala chali, haukuonekana kuongeza kwa kiasi hicho. Mafua yaleyale, matokeo tofauti. Moshi nao una kazi zaidi ya moja: unaumiza njia ya hewa, unamfanya mtoto apate maambukizi kwa urahisi, na mama akivuta wakati wa mimba unagusa hata ubongo unaojengwa tumboni. Kwa hiyo ukiniuliza ni jeni, ni uvimbe, au ni mazingira, nitakujibu kwamba swali lina kosa. Ni mkutano wao.

Mahakama nayo ilinong'ona

Msidhani ni kina mama wa jikoni peke yao wanaotafuta mkosaji mmoja. Hapahapa Uingereza, Sally Clark, mwanasheria, alifiwa na watoto wawili wachanga, wa kwanza mwaka 1996 na wa pili mwaka 1998. Mwaka 1999 alihukumiwa kwamba aliwaua. Mtaalamu wa watoto, Roy Meadow, aliiambia mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya namna hii katika familia kama ile ni mara moja katika milioni 73. Alipataje? Alichukua 1 katika 8,543 akaizidisha kwa yenyewe, kana kwamba watoto wale walikuwa wageni kwa wageni. Lakini hao ni ndugu. Wana jeni za baba na mama mmoja, wanalala nyumba moja, wanavuta hewa moja. Kama kuna udhaifu wa kurithi, cha pili hakiwezi kuhesabiwa kama hakijui cha kwanza. Chama cha Kifalme cha Takwimu kilitoa tamko la kupinga hesabu ile mwaka 2001. Ikaja kujulikana pia kwamba kulikuwa na vipimo vya maabara vilivyoonyesha bakteria katika mwili wa mtoto wa pili, na upande wa utetezi haukuwa umeonyeshwa. Aliachiwa mwaka 2003. Mwaka 2007 alifariki, akiwa na miaka 42.

Na kule Australia, Kathleen Folbigg alifiwa na watoto wanne kati ya 1989 na 1999. Mwaka 2003 alipatikana na hatia ya vifo vyote vinne. Hakuna aliyemuona akifanya lolote. Walisoma shajara zake, maneno ya mama mwenye majonzi anayejilaumu, wakayafanya ungamo. Miaka mingi baadaye wanasayansi, akiwemo Carola Vinuesa ambaye ni bingwa wa kinga ya mwili, walisoma jeni za familia. Mabinti wawili, Sarah na Laura, walikuwa wamerithi kwa mama yao badiliko katika jeni iitwayo CALM2, ambayo inaathiri mapigo ya moyo. Na Laura, mtoto wa mwisho, ambaye alikuwa ameshapita mwaka mmoja, uchunguzi wa maiti ulikuwa umemkuta na uvimbe katika misuli ya moyo. Jeni na uvimbe, pamoja, katika kifua cha mtoto mmoja. Juni 2023 Folbigg alisamehewa akatoka baada ya miaka 20 gerezani, na Desemba mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikafuta hukumu.

Sisemi kwamba hakuna mzazi duniani aliyewahi kumdhuru mwanawe. Wapo, na ndiyo maana uchunguzi upo. Ninachosema ni kwamba "wawili ni wengi mno, lazima kuna mtu" ni mnong'ono uleule wa jikoni, ila umevaa wigi la mahakama.

Nilichokiona nikanyamaza

Sasa nifike pale nilipoahidi. Siku mbili kabla ya kifo, nilikwenda kwa mama mdogo kumuona mtoto. Alikuwa na mafua kidogo, pua inakoroma. Bibi, ambaye alikuja kutoka nyumbani kwa ajili ya uzazi, alikuwa amemlaza ubavu, nyuma yake kanga imekunjwa kama gogo ili asipinduke, juu yake mablanketi mawili, kichwani kofia ya sufi, na hita inawaka. Bibi alisema akilala chali na mafua atapaliwa.

Mimi nilikuwa nimesikia habari hizi darasani mwezi uleule. Nilijua kwamba ubavu si salama, kwa sababu mtoto huishia kifudifudi. Nilijua kwamba kupaliwa si hoja: mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yakirudi hubaki chini, akayameza tena. Nilijua chumba kinachofaa ni cha nyuzi 16 mpaka 20, na kwamba kofia ndani ya nyumba inamzuia mtoto kutoa joto, maana kichwani ndiko anakolitolea.

Nilijua yote hayo kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili sikuwa na maneno. Wakati ule sikujua neno "chali". Sikujua "kifudifudi". Kiswahili changu kilikuwa cha shikamoo, cha "nimeshiba" na cha kuagiza chai. Na nitawezaje kumsahihisha bibi aliyelea watoto saba kwa lugha ya kubabaika, mbele ya watu? Niliona ni utovu wa adabu. Nikambusu mtoto, nikaaga.

Kwa hiyo mkitaka kuuliza nani alikosea, foleni ni ndefu. Muwekeni bibi aliyekunja kanga kwa mapenzi. Muweke mama mdogo aliyemtii mamaye. Muwekeni muuguzi aliyekuja nyumbani akaacha karatasi ya Kiingereza juu ya meza. Niwekeni mimi. Wawekeni na madaktari wakubwa: kwa miaka mingi, tangu katikati ya karne iliyopita, vitabu vya malezi vya nchi hizi, kikiwemo cha Benjamin Spock kilichosomwa na mamilioni, viliwaambia wazazi wamlaze mtoto kifudifudi, kwa hofu ileile ya bibi, ya kupaliwa. Uchambuzi uliotolewa mwaka 2005 ulionyesha kwamba ushahidi wa hatari yake ungeweza kuonekana tangu 1970, na kwamba kama ungefuatwa, zaidi ya watoto 10,000 wa Uingereza peke yake wangeweza kuokolewa. Bibi yangu hakuwa mjinga kuliko maprofesa.

Na hata tukishaipanga foleni yote, bado hatujui. Maelfu ya watoto wanalazwa ubavu, wamefunikwa, wana mafua, na asubuhi wanaamka wakilia njaa. Wetu hakuamka. Alikuwa katika umri wake, na pengine alikuwa na kitu ndani yake ambacho hakuna aliyekiona. Baada ya miezi mingi karatasi ilikuja: sababu haikupatikana.

Figa tunaloweza kuliondoa

Hapo ndipo mtu ananiuliza, na ni haki yake: kama si kosa la mama, mbona unatoa mawaidha ya kulaza? Chagua moja.

Sichagui. Umri hatuwezi kuuondoa. Jeni hatuwezi kuziondoa, wala hakuna kipimo cha kliniki cha kumtambua mtoto huyu mapema. Lile figa la tatu ndilo liko karibu na mkono wetu, na hatuhitaji kujua mtoto yupi ni dhaifu ili kuliondoa. Tunaliondoa kwa wote. Desemba 1991, baada ya utafiti wa Peter Fleming na wenzake wa Bristol, na baada ya mtangazaji wa televisheni Anne Diamond kufiwa na mwanawe akaamua kupiga kelele, Uingereza ilianza kampeni ya kuwaambia wazazi wawalaze watoto chali. Vifo hivi vimepungua kwa kiasi cha asilimia 80 tangu wakati huo. Jeni za watu hazikubadilika. Mafua hayakwisha. Figa moja liliondolewa na vyungu vingi vikaanguka.

Kumwambia mama kabla ni kumsaidia. Kumwambia baada ni kumpiga. Maneno ni yaleyale, kilichobadilika ni saa.

Na wale wa kadari, nawaheshimu, mimi pia naamini. Mama mdogo alisimama kwa imani hiyo tu wakati miguu yake ilikataa. Lakini tumefundishwa tumfunge ngamia kwanza ndipo tutawakali. Kumlaza mtoto chali ndiyo kamba yenyewe.

Tena mengi tunayo tayari katika mila zetu. Kunyonyesha kunapunguza hatari, na mama zetu wananyonyesha. Mtoto kulala chumba kimoja na mama kwa miezi sita ya mwanzo kunapendekezwa hapa, na kwetu nani alimtenga mtoto mchanga chumba chake? Utafiti wa Bradford ulilinganisha familia za asili ya Pakistani na familia nyeupe za mji uleule, kwa kuwa za kwanza zilikuwa na vifo vichache vya namna hii. Walikuta tofauti kubwa katika mambo ya nyumbani: kina mama wale karibu hawakuvuta sigara wala kunywa pombe, walilala karibu na watoto wao, na mara chache sana walilala nao kwenye kochi. Kwa hiyo hatuombwi tuache uzazi wetu tuige wa watu. Tunaombwa tubadilishe machache.

Machache yenyewe ni haya. Mtoto alale chali, kila usingizi, usiku na mchana, mpaka atakapojipindua mwenyewe. Alale juu ya godoro gumu na tambarare, bila mto, hata ule mdogo wa kutengeneza kichwa, bila kanga iliyokunjwa, bila midoli. Ndani ya nyumba avuliwe kofia, na baridi ya huku isitutie wazimu: ukigusa kifua chake au shingo kwa nyuma na kukuta jasho, punguza nguo. Asivutiwe sigara, wala shisha. Hili nawaambia nyinyi wenzangu, kaka na dada mnaokaa ukumbini na shisha halafu mnambeba mtoto wa dada yenu: ile nayo ni tumbaku. Ubani na udi vifukizwe chumba kingine; mtoto hahitaji moshi wa aina yoyote. Na usilale naye kwenye kochi hata kwa dakika kumi, hata kama umechoka. Hasa kama umechoka.

Na zile sauti za WhatsApp zinazosema chanjo ndizo zinazoua, naomba msizipeleke mbele. Hapa chanjo hutolewa katika wiki ya 8, ya 12 na ya 16, umri uleule ambao vifo hivi ni vingi. Ndiyo maana huonekana kufuatana. Tafiti zilipolinganisha, waliochanjwa ndio waliokuwa na hatari ndogo zaidi.

Kazi yetu sisi

Nina ombi moja kwa chama chetu. Siku ile ya msiba, kilichotuumiza baada ya kifo chenyewe ni polisi. Walikuja asubuhi, wakapiga picha kitanda, wakachukua shuka na ile kanga. Mwili haukurudi siku ile wala iliyofuata, kwa sababu ya uchunguzi, na baba wa mtoto alikuwa akilia kwamba mwanawe anacheleweshwa kuzikwa. Hakuna aliyewaeleza kwa Kiswahili kwamba polisi huja kwa kila kifo cha ghafla cha mtoto, na kwamba kuja kwao si tuhuma. Hakuna aliyewaambia kwamba wanaweza kuueleza upande wa uchunguzi haja yao ya kuzika mapema na kuomba mambo yaharakishwe. Walidhani tayari wameshahukumiwa, kama alivyohukumiwa Sally Clark. Na jikoni nako wakahukumiwa mara ya pili.

Sisi tunakutana kila Alhamisi. Tunasoma mashairi, tunabishana ngeli, tunakula mandazi. Vizuri, tuendelee. Lakini tuna lugha mbili, na kuna nyumba katika mji huu ambazo zinahitaji zote mbili kwa pamoja. Napendekeza turekodi mawaidha haya ya kulaza mtoto kwa Kiswahili, sauti ya dakika tatu tu, mkunga mmoja akague, tuipeleke kwenye makundi ya familia zetu, kwa sauti ya mtu anayeanza na shikamoo. Na tuwe na orodha ya wanachama walio tayari kwenda kukaa na familia siku kama ile, kutafsiri.

Mwezi wa Mei mwaka huu mama mdogo alijifungua mtoto wa kike. Bibi amekuja tena. Nilikwenda wiki ya pili, nikamkuta bibi amekaa karibu na kitanda, kanga mkononi, haikunji, ameishika tu. Nikaketi chini karibu na miguu yake. Nikasema, "Bibi, shikamoo. Naomba nikwambie jambo nililosoma, na unisamehe kama Kiswahili changu kina makosa." Nikamweleza: chali, njia ya hewa juu, ya chakula chini. Nikamweleza kwamba hata madaktari wa huku walikosea miaka mingi. Nikamweleza mafiga.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza kama ile kanga ndiyo iliyomuua mjukuu wake. Nikamwambia kanga peke yake haiwezi. Akaniuliza tena, nikamjibu tena. Mara ya tatu hakuuliza. Alisimama, akamgeuza mtoto chali, akaitandaza kanga mapajani mwake mwenyewe.